Gumba na Kuku wa Mdogo Wake

Kuku akishanyonyolewa hana siri tena. Hilo nimelijua kwa mikono yangu hii, miaka ishirini na sita nikiwa nimesimama kwenye meza ya mabati, maji ya moto kulia na ndoo ya manyoya kushoto. Aliyelishwa mahindi, ngozi yake imeshika nyama. Manyoya yanatoka na ngozi inabaki. Aliyelishwa pumba tupu, ngozi yake inachanika kama karatasi iliyolowa, na nyama yake imelegea, ukiitia kwenye sufuria inatoa maji mpaka unajiuliza unapika au unafua. Na aliyekula vichwa vya samaki mpaka siku ya kuchinjwa, huyo hata umwoshe kwa ndimu kumi, atakunukia bandari. Sikuyasoma popote. Mimi shule niliishia la saba. Hayo nimeyanusa.

Lakini sisi wanyonyoaji tuliyajua hayo kuku akiwa amekwisha kufa. Gumba aliyajua kuku akiwa hai anampigia kelele mkononi. Hiyo ndiyo iliyokuwa tofauti yake na sisi, na hakuna siku aliyotuacha tuisahau.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo, ila hakuna aliyelitumia. Tulimwita Gumba kwa sababu ya kidole chake. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye koti jeupe alilolifua mwenyewe kila jioni, maana hakumwamini mtu na sabuni yake. Alikaa kwenye kiti cha chuma penye mlango wa nyuma wa machinjio, pale wafugaji walipoingilia na matenga yao. Hakuna kuku aliyefika kwenye kisu bila kupita mapajani kwa Gumba. Anampokea, anampindua tumbo juu, anafumba macho, anaingiza kidole cha gumba chini ya bawa, kisha kidarini, kisha karibu na mkia pale mafuta yanapojificha. Anabonyeza. Unaona midomo yake inacheza kidogo. Halafu anatoa hukumu.

"Mahindi, wiki tatu. Pita."

Au: "Mahindi wiki moja, nyuma yake yote pumba. Wewe ni wa kukumbuka shuka kumekucha. Rudi nao."

Na hakukosea. Bosi wetu alikuwa na wateja wa hoteli waliotaka kuku wa njano. Ukipasua, mafuta yawe ya njano kama kiini cha yai, ngozi iwe ya njano, mchuzi uwe na rangi. Rangi hiyo huletwa na mahindi ya njano ya duka la vyakula vya mifugo, na mfugaji aliambiwa wazi: wiki tatu za mwisho, mahindi tu, punje nzima au zilizopasuliwa, si vumbi. Wadanganyifu walijaribu kila ujanja. Mmoja aliwapaka kuku wake manjano ya jikoni chini ya manyoya. Gumba alikilamba kidole chake, akasema, "Huyu keshaungwa tayari, anahitaji chumvi tu," na watu wakacheka mpaka yule bwana akaacha kuku wake na matenga yake akaenda zake.

Maana kukataa peke yake hakukumtosha. Ilikuwa lazima akukatae mbele za watu, na kwa neno utakalokwenda nalo nyumbani. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja kwa miguu toka ng'ambo ya mto, na kuku saba. Akamwambia, "Babu, hawa uliwafuga au uliwafunga?" Mzee yule alibaki anaitwa "Mfungaji" na wajukuu wa watu mpaka leo.

Mimi pia alinipata. Bosi alituruhusu wafanyakazi kuleta kuku wetu wa nyumbani. Nikaleta wanane, nimevaa gauni langu la kitenge jipya, nimechana nywele. Gumba akambonyeza wa kwanza, akafungua jicho moja, akaniangalia toka kichwani hadi miguuni.

"Mwenzangu, naona chakula cha kuku umenunulia gauni."

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana iliniuma. Ingekuwa uongo ningesahau.

Basi huyo ndiye Gumba. Hakuolewa, hakuzaa. Alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, mdogo wake wa kike, ambaye mama yao alimwacha ana miaka sita. Gumba ndiye aliyemlea. Alimsomesha kwa kuosha matumbo ya kuku kabla hajapewa kile kiti. Akamwoza kwa heshima, kwa mume mpole aliyekuwa na nyumba ya vyumba viwili na kiwanja kikubwa nyuma yake. Wakapata mabinti wawili. Kisha mume akafa kwa homa ya siku nne.

Marehemu alikuwa na kaka mkubwa, mfyatua matofali. Udongo wa kile kiwanja ulikuwa mfinyanzi mzuri, na mfyatua matofali alikuwa ameutamani tangu ndugu yake yu hai. Matanga yalipokwisha, akaita kikao cha ukoo, akasimama.

"Shemeji, sikufukuzi," akasema. "Ila kiwanja hakikaliwi na mtu anayekitazama tu. Unafanya nini nacho?"

"Nafuga kuku, shemeji."

"Kila mtu anafuga kuku. Hata paka anafuga kuku, mpaka awale." Watu wakacheka. "Haya, tusigombane. Dada yako si ndiye anayepima pale machinjioni? Peleka kuku wako. Wakipita, kiwanja ni chako, kaa mpaka uone wajukuu, na mimi nitakuwa wa kwanza kukupigia makofi. Wasipopita, nachimba."

Ukoo mzima ukasema sawa. Walidhani amemhurumia. Dada mtu ndiye hakimu, kesi iko wapi hapo? Mjane mwenyewe alirudi nyumbani anatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba.

Maneno hayana mlango. Wiki haikuisha, machinjio yote ilikuwa inazungumza. Wafugaji wakija wanamtania Gumba, "Naona una wageni mwezi ujao, na wewe utawapitisha na macho wazi." Mwingine, "Undugu nao una mafuta." Mimi nilikuwa meza ya pili kutoka kwenye kiti chake, nilimwona shingo inavyokakamaa. Kwake yeye kile kidole kilikuwa ni mali pekee aliyoipata bila kupewa na mtu, na sasa watu walikuwa wanasema kidole hicho kina ukoo.

Mwezi huo huo mahindi ya njano yakaadimika. Duka la vyakula vya mifugo likabaki na magunia ya pumba na mwenye duka anayepiga miayo. Wafugaji wengi wakasubiri. Mjane hakuweza kusubiri, shemeji yake alikuwa amempa siku. Ndani alikuwa na magunia mawili ya mahindi meupe, ya kula yeye na wanawe, aliyoyavuna nyuma ya nyumba na marehemu mumewe kabla ya homa ile. Akayafungua. Akawapa kuku ishirini wiki tatu kamili, asubuhi na jioni, akiyapasua kwa jiwe yasiwakwame. Yeye na mabinti wakala muhogo wa kuchemsha mara moja kwa siku. Jirani aliniambia baadaye kwamba yule binti mdogo alikuwa anaokota punje zilizoruka nje ya banda, anazitia mdomoni, na mama yake alikuwa anazitoa mdomoni mwake anazirudisha kwa kuku.

Siku ikafika. Nakumbuka ilikuwa asubuhi ya jua kali na sakafu ilikuwa imemwagiwa maji. Mjane aliingia na matenga mawili, mabinti nyuma yake, wote watatu wamekonda hadi mifupa ya mashavu inaonekana. Mfyatua matofali alikuja naye, amekunja mikono, udongo umemkaukia miguuni. Na wafugaji, hata wasio na kuku siku hiyo, walikuja kutazama.

Gumba hakuinua uso.

"Wewe ni nani?"

"Dada, ni mimi."

"Hapa hakuna dada. Hapa kuna mfugaji na kuna kuku. Umeleta wangapi?"

"Ishirini."

"Umewalisha nini?"

"Mahindi. Wiki tatu."

"Dukani hakuna mahindi mwezi mzima. Ulishushiwa toka mbinguni?"

"Si ya dukani, da... si ya dukani. Meupe. Yalikuwa ndani."

Sauti moja ikatoka nyuma, "Mahindi ya watu kapewa kuku! Na watu wamekula nini?"

"Muhogo," akajibu binti mkubwa, kwa adabu kabisa, kama aliyeulizwa na mwalimu. Machinjio yote ikaangua kicheko. Wengine waliegemea ukuta. Mtoto akamwangalia mama yake aone alichokosea.

Gumba akamchukua kuku wa kwanza, akampindua mapajani. Akafumba macho. Nikaona kidole kinakwenda chini ya bawa. Hapo mzee Mfungaji, aliyekuwa hajakanyaga pale tangu aondoke na lile jina, akasema kwa sauti ya upole, "Bonyeza basi, dada mtu, tumalize. Tumekwisha kujua atapita."

Kidole kikasimama. Gumba akafumbua macho, akautoa mkono, akaufuta kwenye koti.

"Leo sibonyezi," akasema. "Msije mkatoka hapa mkasema kidole kimeona damu yake. Sogeeni. Leo mtapima ninyi, kwa macho yenu."

Watu wakasogea, na wapishi wawili wa hoteli, na sisi tukaacha meza zetu. Gumba akampulizia kuku kidarini, pfuu, manyoya yakagawanyika kama nywele penye njia. Ngozi ikaonekana. Nyeupe pe. Akampuliza karibu na mkia, pale mafuta yanapotuna chini ya ngozi. Meupe kama mshumaa.

"Hii ni njano?"

"Nyeupe!" wakajibu kwa pamoja, watu wazima wenye ndevu, kama watoto wa chekechea.

"Kuku akiwa mweupe ndani kala nini?"

"Pumba!"

"Nimesema mimi?"

"Hukusema!"

Akampuliza wa pili, wa tatu, wa nne. Weupe wote. Kila akipuliza, umati unaimba "Pumba!" na mtu mmoja akaanza kupiga makofi. "Hawa hawakulishwa," akasema mwingine, "hawa wamefufuka!"

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penye kosa. Kosa hilo lisingefanywa na mtu asiyejua kuku. Lingefanywa na sisi tu, tuliokaa miaka na mahindi ya njano mpaka tukaamini kwamba njano ndiyo utamu. Rangi ile inatoka kwenye punje. Mahindi ya njano hupaka mafuta njano. Mahindi meupe hayana cha kupaka, kuku anashiba, ananenepa, nyama inakaza, na mafuta yanabaki meupe. Kwa jicho, kuku wa mahindi meupe na kuku wa pumba wanafanana. Kwa kidole hawafanani hata kidogo. Wa pumba ukimbonyeza kidole kinazama kwenye mfupa. Wa mahindi kinarudishwa. Kama Gumba angebonyeza, hata mara moja, hata kwa bahati mbaya, angejua. Ndiyo siku pekee aliyotumia macho katika miaka yake kumi na minane kwenye kile kiti.

Na mimi nilijua. Nimelelewa na bibi yangu mzaa mama, na kwa bibi hatukuwa na mahindi ya rangi nyingine. Kuku wake walikuwa weupe ndani kama pamba, na sijala nyama kama ile tena. Nilimwona yule kuku alivyokaa mapajani kwa Gumba, mzito, kidari kimejaa, nikajua kama ninavyojua jina langu. Nilivuta pumzi niseme. Halafu nikalikumbuka gauni langu la kitenge. Nikajiambia, mwache. Mwache apige mbizi kwenye maji aliyoyachimba mwenyewe, tuone atatokea wapi. Sikumfikiria mjane kabisa. Nikarudi kwenye meza yangu nikaendelea kunyonyoa.

"Dada," mjane akasema. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ile yenye maji. "Bonyeza mmoja. Mmoja tu, umchague mwenyewe."

"Ondoa kuku wako, wanachafua sakafu."

Mfyatua matofali akakunjua mikono. "Shemeji, umesikia. Si mimi niliyesema. Nakupa mpaka Ijumaa uhamishe vyombo."

Mjane akatoka na matenga yake. Getini akakutana na mpishi mmoja wa hoteli aliyekosa kuku wa kumtosha, kwa sababu siku hiyo wa njano walikuwa wachache. Akawanunua wote ishirini kwa bei ya kutupa, akimlalamikia kwamba anamsaidia.

Kesho yake mchana mpishi yule akarudi mbio, kofia yake ya kazi bado kichwani, ana kitu kwenye karatasi.

"Wako wapi wale weupe?" akamuuliza Bosi. "Wale wa yule mama mwembamba. Nawataka wote alionao, nataka na vifaranga. Jana mteja mmoja kanyonya mfupa mpaka nikaona haya mimi! Nyama imeshika, haitoi maji, mafuta yanayeyuka safi, hayana harufu. Mnaniuzia rangi ninyi, mimi nilikuwa sijui."

Akafungua karatasi. Paja la kuku wa kuchoma, limepoa. Bosi akakata kipande, akatafuna, akamwita Gumba.

Gumba akaja. Alilichukua lile paja kwa vidole viwili, akalibonyeza kwanza, hata likiwa limekwisha kuiva. Akaona kidole kinavyorudishwa. Akaling'ata. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake na sikutoa macho kwenye taya lake. Alitafuna polepole, muda mrefu kuliko nyama ile ilivyohitaji. Akameza.

"Meupe," akasema. "Wiki tatu." Akarudi kwenye kiti chake.

Nilifurahi. Siwezi kusema vingine. Nilinyonyoa kuku arobaini mchana ule na sikuchoka.

Mpishi alimtafuta mjane mpaka akampata, akamweleza. Mjane akakimbia kwa shemeji yake. Mfyatua matofali hakuwa mtu wa kupiga kelele. Mtu mkatili hasa hapigi kelele. Akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mpishi simjui," akasema. "Mimi sikusema kuku wapite kwa mpishi. Waliangushwa na dada yako, mbele za watu. Basi dada yako awainue, pale pale, mbele za watu wale wale. Ijumaa asubuhi nitakuja. Akisema 'nilikosea, kuku wale walikuwa wazuri', hayo maneno tu, nageuka narudi na jembe langu, na hutanisikia tena."

Usiku huo... hapana, ilikuwa bado jioni, mjane alikwenda kwa dada yake. Mimi nakaa ua mmoja na Gumba, mlango unatazamana na mlango. Nilimwona akiingia, nikamwona akitoka. Alikuwa ametulia. Akanisalimia vizuri, "Shikamoo dada," akaniambia, "Keshokutwa atasema. Kaniambia nisilie, atasema."

Ijumaa watu walijaa kuliko siku ya kwanza. Ukutani, mlangoni, wengine juu ya matenga matupu. Wote waliowahi kurudishwa na Gumba walikuja, naamini hakubaki mtu. Mzee Mfungaji alikaa mbele kabisa, juu ya ndoo aliyoipindua, kama mtu aliyekuja harusini mapema. Hata Bosi alikuja na hakuwa na kinyongo. Alimwambia mbele yetu, "Sema tu, mama, tuendelee na kazi. Kosa moja katika miaka yote hii, nani atakuhesabia? Na hao weupe tunawataka." Kwa hiyo asije mtu akasema aliogopa kufukuzwa kazi. Hakuna aliyemtishia chochote.

Mjane alisimama kando na wanawe. Safari hii alikuwa amewavika nguo safi.

"Haya, dada," akasema mfyatua matofali. "Kuku wa shemeji yangu walikuwa wabovu au wazuri?"

Gumba alikuwa amekaa na mikono mapajani. Maji ya pipa yakasikika yanatokota. Akafungua mdomo. Aliufungua, niliona. Akamtazama mdogo wake, na nikajua anasema sasa.

"Sema, mwanangu," akasema Mfungaji. "Tumeacha mashamba."

Kuna mtu akacheka. Si kicheko kikubwa, ni kile cha puani, kinachomtoka mtu akijaribu kukizuia. Alikuwa nani sikumjua. Lakini Gumba alikisikia. Akayazungusha macho akatutazama mmoja mmoja, mpaka akafika kwangu, na mimi nilikuwa nasubiri kama wengine, na sura yangu ilimwonyesha.

Akafunga mdomo. Alipoufungua tena, sauti ilikuwa ile ya kila siku.

"Mimi sikubonyeza. Niliwaambia sibonyezi. Mliopima ni ninyi. Mliosema pumba ni ninyi, na mlipiga makofi. Mnataka mimi niseme nilikosea nini?"

"Kwa hiyo?" akauliza mfyatua matofali.

"Kwa hiyo nina kazi. Kuku wa leo wako wapi?"

"Dada!" mjane akasema.

"Anayefuata!" akasema Gumba.

Mtu aliyefuata, kijana wa watu asiyejua hili wala lile, akasogea na tenga lake. Gumba akampindua kuku, akafumba macho, akabonyeza. "Mahindi, wiki mbili na nusu. Pita." Mfyatua matofali alikuwa ameshatoka. Tulipofunga kazi saa kumi, banda la mjane lilikuwa limekwisha kung'olewa, mabati yake yamepangwa vizuri kando ya ukuta, na shimo la kwanza linamfikia mtu magotini.

Na unafikiri mjane alikwenda wapi? Alikuwa na ndugu mmoja tu. Magharibi alifika uani kwetu na godoro, sufuria mbili na mabinti wawili, akabisha hodi kwa Gumba. Chumba kimoja. Gumba akasogeza kitanda ukutani.

Nilisubiri ugomvi. Nililala na sikio mlangoni wiki nzima. Hakuna. Mjane alimfulia dada yake lile koti jeupe, akalinyoosha. Kila asubuhi Gumba akitoka, mdogo wake alisimama kizingitini, mbele ya majirani wote tunaopiga mswaki, akasema kwa sauti nzuri, "Kazi njema, dada. Uwapime vizuri." Kila asubuhi. Hakuruka hata siku moja. Baada ya mwezi Gumba akawa anatoka alfajiri, kabla watu hawajaamka, na mjane naye akawa anaamka alfajiri.

Gumba akaanza kukonda. Kazini bado hakukosea, ila hakumtania mtu tena. Wafugaji walisema amekuwa mtu mwema. Ujinga wao.

Jumapili moja, mwezi wa tatu tangu mjane ahamie, nikasema acha niwatembelee, jirani ni jirani. Nikachukua kilo moja ya sukari. Nikavua ndala mlangoni, nikaingia. Gumba alikuwa kitandani, ameegemea ukuta, wala haumwi. Mjane alikaa sakafuni ametupa mgongo, anachagua mawe kwenye sinia ya maharage. Mabinti hawakuwepo.

Tukazungumza mvua. Tukazungumza bei ya mkaa. Halafu Gumba akasema, kama anaendelea na habari ya mkaa:

"Wewe ulilelewa na bibi yako."

"Ndiyo."

"Mwaka ulioanza kazi ulinisimulia kuku wake. Kwamba walikuwa weupe kama pamba na utamu wake hujauona tena. Nilikucheka."

"Ulinicheka."

"Basi siku ile ulijua."

Nilikuwa na uongo mwingi karibu. Ningeweza kusema nilisahau, bibi yangu amekufa zamani. Lakini mimi si mtu wa kukana kitu mbele ya mtu niliyemngojea akane chake.

"Nilijua," nikasema. "Toka ulivyompindua wa kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe Ijumaa mbona hukusema?"

Gumba akanitazama, na nakuapia alikuwa karibu atabasamu, kama mtu aliyepata mwenzake gizani. Lakini mkono wa mjane ulikuwa umesimama juu ya sinia. Sikuwa nimemfikiria. Nilikuwa nimemsahau mara ya pili.

Akaiweka sinia chini. Akasimama, akakung'uta maganda kwenye kanga yake, punje punje, bila haraka. Akaenda mlangoni akaufungua mpaka mwisho. Akainama, akazichukua ndala zangu zilizokuwa zimetazama ndani, akazigeuza zikatazama nje, akazipanga sambamba.

"Njia unaijua, dada," akaniambia.

Nikasimama. Gumba alikuwa amegeukia ukuta. Nikavaa, nikavuka ua hatua kumi na mbili mpaka kwangu, na nilipofika ndipo nikaona kwamba ile sukari bado nimeikumbatia.